Kitabu Kilichobaki Chumbani kwa Mama Mkwe

Mke wangu huwaambia wageni kwamba wanaume wengine hukusanya stempu, wengine saa za ukutani, na yeye Mungu alimjalia mume anayekusanya matumbo. Wageni hucheka, kisha hunitazama upya. Siwalaumu. Mtu mzima, mhandisi wa majengo, mwenye watoto wawili chuo kikuu, Jumamosi asubuhi badala ya kwenda kufanya mazoezi na kwaya ya akina baba anashuka Newtown, katikati ya Johannesburg, kutafuta picha za watu waliochunwa ngozi. Hata mimi ningejiuliza.

Ni vitabu vya zamani vya maumbile ya mwili, vile ambavyo madaktari wa enzi hizo walijifunzia, picha zikiwa zimechorwa na kutiwa rangi kwa mkono. Karatasi zake ni nzito na zina madoadoa ya kahawia kama mikono ya wazee. Juu ya kila picha kuna karatasi nyingine nyembamba ya kuikinga, na ukiifunua ndipo unapowakuta wenyewe: mtu asiye na ngozi amesimama wima kana kwamba anasubiri basi, mkono uliofunguliwa mpaka kwenye mishipa, moyo uliopasuliwa katikati kama parachichi. Ninavyovipenda zaidi ni vile vyenye mtu wa karatasi ndani yake. Huyo ameundwa kwa vipande vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine. Ukifunua kifua unakuta mbavu, ukifunua mbavu unakuta mapafu, unaendelea hivyo mpaka uti wa mgongo, halafu unarudisha kila kitu mahali pake na mtu anakuwa mzima tena. Nimekaa hivyo saa nzima nikifungua na kufunga, chai ikapoa.

Sababu ninayo, ila si ya kuwaambia wageni. Baba yangu alikufa kwa tumbo. Ndivyo tulivyoambiwa, ndivyo ilivyotangazwa makaburini, na ndivyo wanavyosema hadi leo kwetu Bungoma, Kenya. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba tumboni mna vitu vingi, nikauliza ni tumbo gani hilo. Shangazi alinifinya. Kwetu kila kinachouma chini ya mbavu na juu ya magoti ni tumbo, na mwenye kutaka kujua zaidi hana adabu. Basi siku niliyoingia duka la vitu vikuukuu hapa mjini Johannesburg kujikinga mvua, nikafungua kitabu na kuona ini, wengu, kongosho na figo, kila kimoja na rangi yake na jina lake pembeni, nilishikwa na hasira. Kumbe majina yalikuwepo siku zote. Kitabu changu cha kwanza nilikinunua kwa hasira hiyo, na nadhani vilivyofuata pia, ingawa sasa yamekuwa mapenzi.

Ninayemtegemea zaidi ni Mkongomani kutoka Lubumbashi anayetandaza vitabu vyake juu ya turubai karibu na soko la Newtown. Ni mlokole wa kweli. Vitabu vyangu huviweka mbali na Biblia zake, amevifunga kwa gazeti, na akiniona hushusha sauti kama anauza bangi.

"Docteur, kuya. Kintu yako iko hapa. Lakini usifungule mbele ya bamama."

Nimemwambia mara nyingi kwamba mimi si daktari. "Sawa, docteur," hunijibu.

Yeye ndiye aliyeniuzia kile kikubwa. Kilitoka kwenye nyumba ya daktari mmoja mzee wa upande wa kaskazini wa jiji, ambaye watoto wake walihamia ng'ambo na kuuza kila kitu. "Bantu banahama, bitabu binabaki," alisema, akikifunga tena kwa gazeti. Kilikuwa cha Kijerumani, lugha nisiyoijua hata ya kuombea maji, na jalada lake lilikuwa limechoka. Lakini ndani mlikuwa na mwanamke wa karatasi, mrefu kama mkono wangu, mwenye nywele zilizofungwa vizuri na uso wa mtu anayefikiria mambo mengine. Pafu lake moja lilikuwa limechanika. Vingine vyote vilikuwepo. Nilikibeba kama mtoto mchanga.

Nyumba nyingi za zamani za mtaa wetu wa Observatory zina chumba uani, kilichojengwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ndani. Majirani wengi wamevipangisha. Mimi changu nilikifanya maktaba, nikaweka rafu, kiti kimoja na taa nzuri, na kabati refu la nguo lililokuwepo tuliponunua nyumba. Nilikuwa na raha kule mpaka mke wangu aliposema mama yake anakuja kututembelea.

Hapa lazima nieleze jambo la ukwe, maana asiyelijua ataona tulikuwa tunaigiza. Kwa watu wa kwetu, Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hampeani mikono. Hamkai kochi moja, yeye hali mezani pako, wewe huingii anapolala. Na mwili wake, hata ukiwa mgonjwa, si jambo la kutajwa ukiwepo. Si uadui. Huyo ndiye aliyemzaa mwanamke unayelala naye, na heshima ya jambo zito kama hilo inahitaji nafasi ya kukaa, basi inakaa kati yenu. Vijana wa Nairobi wanasema hayo yamepitwa na wakati na wanawakumbatia mama wakwe zao hadharani. Mimi wangu nilimpokea uwanja wa ndege nikiwa nimesimama nyuma ya toroli la mizigo. Garini alikaa kiti cha nyuma, nami nikakigeuza kioo cha katikati nisimwone, nikaendesha kwenye barabara kuu ya Johannesburg bila kujua nyuma yangu kuna lori au kuna malaika.

Chumba cha uani kilitatua yote. Angelala kwetu bila kulala ndani ya nyumba yetu. Nilihamisha vitabu vyangu gereji, boksi baada ya boksi, mke wangu akatandika kitanda na kutundika mapazia. Wote tukaridhika. Siku ya pili baada ya kumpokea, nikiwa kwenye robot, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, nikienda kazini, nikakumbuka kwamba kile kikubwa hakikuwa kwenye boksi lolote. Kilikuwa juu ya kabati, ndani ya blanketi kuukuu, mahali nilipokiweka kisipate vumbi. Taa ikawa kijani, ikarudi nyekundu, na watu wa nyuma walinipigia honi zote walizonazo.

Fikiria mwenyewe. Kitabu cha mwanamke aliye uchi, uchi kupita uchi, uchi mpaka matumbo, mali ya mkwe, kiko juu ya kichwa cha mama mkwe. Kuingia na kukichukua siwezi. Kumtuma mke wangu ni kumpandisha kwenye kiti mbele ya mama yake na kumfanya aeleze anachoteremsha. Nikapiga hesabu za kihandisi. Kabati ni refu, mama ni mfupi. Nikaamua kunyamaza.

Alikuwa mama mchangamfu. Alikaa barazani na sindano yake akifuma vitambaa vya makochi, maana aliyaona makochi yetu yako uchi, na akawa analalamika kwamba watu wa Johannesburg hupita bila kusalimia. Mimi nilimsalimia kila asubuhi nikiwa upande wa pili wa ua, nikitazama bomba la maji. Yeye alinijibu akitazama ufumaji wake. Tulielewana vizuri kuliko watu wengi wanaotazamana.

Lakini alikuwa amepungua. Nguo zake zilikuwa za mtu mwingine mkubwa zaidi. Mke wangu aligundua kwamba anafua mashuka yake mwenyewe kabla watu hawajaamka, na hayaaniki kwenye kamba nje, anayaanika chumbani mlango ukiwa umefungwa. Alikaa chini taratibu, kwa kushika kiti pande zote mbili. Aliulizwa kwa upole, akaulizwa kwa ukali, na jibu likawa moja tu.

"Ni tumbo tu."

Nililisikia kupitia dirisha la jikoni, wao wakiwa ndani nami nikila barazani, na chakula kikanishinda. Niliijua ile hasira. Nilitamani kusimama niulize ni tumbo gani, na mtu pekee asiyeruhusiwa kabisa kuuliza swali hilo ndani ya nyumba ile alikuwa mimi.

"Mama," mke wangu alisema, "mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa saba. Acha nifiche."

Wakacheka wote wawili, hata mimi nikatabasamu peke yangu kule nilikokuwa. Kisha nikasikia mke wangu anamenya viazi, na nikasikia kwamba analia huku akimenya. Kidogo kidogo ikajulikana mama anaogopa nini. Dada yake mkubwa alipelekwa hospitali huko nyumbani, akapasuliwa, akatolewa kitu. Kitu gani na kilipelekwa wapi hakuna aliyeambiwa, naye akafa muda mfupi baadaye na kuzikwa akiwa pungufu. Mama mkwe alikuwa ameuosha mwili ule kwa mikono yake. Alisema yeye atazikwa akiwa mzima, na mtu asimletee habari za madaktari. Mke wangu akampigia kaka yake mkubwa, kaka akasema mama ni mtu mzima. Mimi nikasema ningekuwa mwanawe ningembeba mgongoni mpaka hospitali. "Lakini si mwanawe," mke wangu alinijibu. Tulilala bila kusemeshana.

Jumapili moja tuliporudi kutoka kanisani tulikuta kifurushi kwenye meza ya barazani. Nililitambua blanketi kabla sijafika. Lilikuwa limekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi wa sufu, kama zawadi. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa umefungwa. Mke wangu akaenda kumwona mama yake, akarudi na uso wa mtu aliyetumwa asichokielewa.

"Anasema hicho ni chako. Anasema ukifungue ukiwa peke yako."

Sikumbuki kama niliwahi kuona aibu kama ile. Nilikichukua nikaenda nacho gereji, nikafunga mlango, nikakaa juu ya boksi nikijiandaa kwa hukumu. Nikafungua. Na niseme ukweli, jambo la kwanza nililolifanya ni kukagua kama amechana kitu. Mkusanyaji ni mnyama. Hakuwa amechana kitu. Lile pafu lililochanika lilikuwa limeshonwa, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, mishono midogo iliyolingana, karatasi ikiwa imekaa sawa kana kwamba haijawahi kupata shida. Nililitazama muda mrefu. Kwa hiyo hakukiona kitabu kwa bahati mbaya na kukifunika. Alikaa nacho. Alipanda kiti, mama mgonjwa yule, akakiteremsha, akakisoma kwa vidole siku ngapi sijui.

Nikafunua. Kifua, mbavu, mapafu. Nikashuka, nikafunua ukuta wa tumbo, nikafunua utumbo, nikafunua kibofu. Chini ya vyote hivyo, juu ya mfuko wa uzazi wa yule mwanamke wa karatasi, palikuwa na kipande cha uzi wa kijani kilichofungwa fundo. Ulikuwa uzi ule ule wa vitambaa vya makochi yetu. Vipande vyote vya juu yake vilikuwa vimerudishwa kimoja kimoja kwa mpangilio. Uzi haufiki huko kwa kuanguka.

Nilielewa, na nilipoelewa machozi yalinitoka. Hakuwa amenitamkia neno. Hakuwa amenitazama wala kuvunja chochote cha mila yetu, maana nilipokifungua hakuwepo, na alipoliweka fundo sikuwepo. Alikuwa amemchagua mtu pekee ambaye hawezi kumbembeleza, hawezi kulia mbele yake, na hawezi kujifanya hakuelewa. Nafasi iliyokuwa kati yetu ilikuwa pana vya kutosha kupitisha jambo ambalo kwa binti yake halikupita.

Nilimwonyesha mke wangu. Sikutarajia kwamba angekasirika.

"Kwa nini akwambie wewe?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyetoka humo."

Alikichukua kitabu, akavuka ua, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilisikia sauti zao zikipanda. Baadaye sikusikia chochote, na alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini mabega yamelegea. Kesho yake walikwenda kliniki, na kutoka kliniki wakatumwa hospitali. Daktari, mama mmoja Mzulu wa makamo, alisema ni uvimbe mbaya kwenye kizazi. Bado ulikuwa humo humo, haujatembea. Kizazi kitolewe chote, na kitolewe mapema. Wakisubiri utatembea, na ukitembea hatakuwa na la kufanya.

Mama mkwe akasema hapana.

Alisema kwa adabu, akamshukuru daktari, akarudi nyumbani na kuomba chai. Mke wangu alipiga magoti, akanuna, akatishia kuwaita ndugu zake wote. Hakuna lililosaidia. Hali ilikuwa hiyo mpaka alasiri moja nilipokuwa barazani, yeye akiwa jikoni, na mke wangu amesimama mlangoni katikati yetu. Ndivyo tulivyoongea siku zile. Maneno yote yalielekezwa kwa mke wangu, naye hakuwa na haja ya kuyarudia kwa sababu kila mtu alikuwa anasikia.

"Muulize mwenye nyumba," mama mkwe alisema. "Yule mama wa kwenye kitabu, baada ya kumfungua vile na kumchora, walimrudishia vitu vyake?"

Mke wangu hakurudia swali. Alinigeukia, na macho yake yalinisihi niseme ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na lingeweza kumpeleka mama kwenye meza ya upasuaji wiki ile ile.

Jibu nililijua. Kila mkusanyaji analijua, ingawa hatulitaji tunapoonyeshana picha. Wengi wa watu wale walikuwa maskini waliofia kwenye hospitali za bure, wafungwa, watu ambao hakuna ndugu aliyefika kuwadai. Walifunguliwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusema msimfungue. Yule mwenye nywele zilizofungwa vizuri huenda alichorwa kutokana na watu kadhaa wa namna hiyo, na hakuna aliyeandika hata jina la mmoja wao, mahali ambapo kila mshipa umeandikwa jina lake. Nilikuwa nimewatazama miaka yote hiyo kama mali yangu. Nilifikiri pia juu ya baba yangu, na juu ya neno moja lililonifunga mdomo nikiwa mtoto, na nikaona siwezi kumpa mtu anayeogopa neno jingine la namna ile.

"Mwambie mama hapana," nilisema. "Hawakumrudishia. Walikuwa watu wasio na wenyewe, hakuna aliyewauliza."

Mke wangu alifumba macho. Jikoni kijiko kiliacha kugonga kikombe. Nilijua nimeharibu, na bado sikuweza kunyamaza.

"Mwambie yeye anaulizwa. Ana wenyewe. Anaweza kusema hapana na sisi tutakaa na hapana yake. Na anaweza kusema ndiyo kwa masharti."

Kisha nikasikia sindano yake ya kufumia ikiwekwa mezani.

"Basi muulizeni yule daktari," alisema taratibu. "Nataka changu kirudi. Nikizike mwenyewe. Akikubali hilo, anikate."

Mke wangu alikwenda hospitali akiwa ameandaa maelezo marefu ya mila za Wabukusu, na daktari hakumwacha ayamalize. Alisema mama si wa kwanza, wala hatakuwa wa mwisho. Hapa Afrika Kusini watu huomba hata mguu wao urudi ukalale mahali pake. Kizazi kitapimwa kwanza maabara, kisha atarudishiwa.

Siku ya upasuaji sitaisimulia sana. Mke wangu alikaa karibu na mlango, mimi nilikaa mwisho wa korido, mahali ambapo mkwe anaweza kukaa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa najua hasa kinachofunguliwa baada ya kipi, na nilitamani nisingejua. Karatasi haitoki damu. Nilimwomba Mungu kwa maneno ya ovyo, nikivitaja viungo kimoja kimoja kwa majina yake, amwongoze yule daktari apite salama katikati yake. Alipotoka akiwa ameshusha barakoa shingoni alimshika mke wangu mkono, na mke wangu akaniangalia kule mbali akaitikia kwa kichwa. Nilikwenda chooni nikalia kwa raha zangu.

Mama alipona polepole. Alirudi chumbani kwake uani, akaanza kula, akaanza tena kulalamika juu ya watu wasiosalimia. Daktari alisema hapakuwa na dalili kwamba ugonjwa ulivuka. Halafu hospitali ikapiga simu, mke wangu akaenda na kurudi na chombo cheupe cha plastiki chenye kifuniko kilichobana, akiwa amekipakata garini njia nzima.

Tulikuwa tumedhani kitasafirishwa nyumbani. Mke wangu aliulizia, akaambiwa mambo ya vibali na uwanja wa ndege mpaka akachoka. Mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Kwa nini kirudi Bungoma, aliuliza, wakati wale saba wametawanyika na hakuna hata mmoja aliyeko pale? Kilale alipo binti yake wa mwisho, aliyetoka ndani yake baada ya wote.

Mke wangu na mimi tumeishi Johannesburg zaidi ya tulivyoishi kwetu, na miaka yote tumesema tutarudi. Watoto wakimaliza shule tutarudi. Wakimaliza chuo tutarudi. Watoto wenyewe wanatusikiliza kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza, na tukisema nyumbani wao wanadhani tunasema hapa. Hata ukuta wa mbele hatujaupaka rangi, kwa nini upake rangi ukuta ulio nchi ya watu. Asubuhi ile mke wangu alisimama uani na kuchagua mahali, karibu na ukuta wa mawe, ambapo jua hufika mapema. Akachora duara kwa kisigino.

"Unajua kwamba sasa hatuuzi tena nyumba hii," alisema.

"Najua."

"Nataka uwe unajua kabla hujachimba."

"Najua," nilisema, na nikachimba.

Mtaa wetu uko mlimani, na mlima wenyewe ni mwamba. Udongo ni wa kuficha aibu tu, ukipita huo unakutana na jiwe, na nilipiga sururu mpaka viganja vikachubuka. Wafanyakazi wa jirani walinichungulia juu ya ukuta wakadhani natengeneza bomba. Nilipofikiria shimo limetosha niliweka sururu chini ili niondoke, kwa sababu kilichokuwa kinakuja hakikuwa cha macho yangu. Ndipo niliposikia mlango wa chumba cha uani, na hatua za polepole, na kiti kinachovutwa juu ya saruji. Niligeuza uso ukutani haraka. Mke wangu alikuwa bado ndani akikitafutia chombo kitambaa cha kukifunika. Tulikuwa wawili tu pale uani, mama mkwe na mimi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimwoe binti yake. Nilisubiri amwite mtu wa kusimama katikati. Hakumwita.

Nilimsikia akiinama juu ya shimo, kama mtu anayepima kina chake.

"Mkwe wangu," alisema, "ongeza kidogo. Mbwa wa huku wanafukua."

Sikugeuka. Nilisema, "Ndiyo, mama," nikashika sururu nikaongeza.